Rekodi za Majengo, Vifaa na Nishati Vikiwekwa kwenye Hesabu Moja

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2021 majengo na ujenzi wake vilichangia takriban asilimia 37 ya hewa ukaa yote itokanayo na nishati na viwanda duniani. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni ya kuendesha majengo yaliyokwisha kusimama: taa, lifti, pampu za maji, viyoyozi na, kwa nchi za baridi, kupasha vyumba joto. Inayobaki ilikwisha kutoka zamani, kwenye matanuri ya saruji na ya chuma, kabla mpangaji wa kwanza hajakabidhiwa ufunguo. Ni kama jiko la mkaa: udongo wake ulichomwa mara moja, mkaa wake unanunuliwa kila siku, na anayetaka kujua jiko limemgharimu kiasi gani hana budi kujumlisha vyote viwili.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejumlisha. Mhandisi wa umeme alihesabu uniti zake, mkadiriaji majenzi akahesabu mifuko ya saruji kwa shilingi tu, na jengo likatangazwa kuwa rafiki wa mazingira kwa kuwa taa zake zinajizima zenyewe. Hapa nimeyakusanya majengo yenye sifa ya "kuliko yote" na kuyapima upya kwa hesabu zote mbili, tangu machimbo ya mawe hadi siku ya kubomolewa. Mengine yatashuka vibaya, na mengine ambayo msomaji pengine hajawahi kuyasikia yatapanda.

Zito kuliko yote

Guinness wanalitaja Jumba la Bunge la Bucharest, Romania, kuwa jengo zito kuliko yote duniani: tani 4,098,500. Nicolae Ceaușescu aliamuru lijengwe, kazi ikaanza mwaka 1984, na kulipisha ilibidi mitaa mizima ya mji wa kale ibomolewe pamoja na makanisa yake. Jumba lina urefu wa mita 84 tu kwenda juu. Ndani yake mna marumaru ya mita za ujazo milioni moja, na chuma na bronzi tani 700,000.

Ukigawa uzito huo kwa sakafu zake, mita za mraba 365,000, unapata zaidi ya tani 11 kwa kila mita ya mraba moja. Ghorofa la kawaida la zege halifiki tani 2. Na hilo ndilo linalouma, kwa sababu sehemu kubwa ya vyumba vyake 1,100 haina matumizi hadi leo, huku jumba likiendelea kudai umeme na joto kila majira ya baridi. Kwa hesabu ya vifaa ni la mwisho, na kwa hesabu ya nishati linashindwa vilevile. Sijaona jengo jingine linaloshindwa mara mbili kwa wazi namna hiyo.

Refu kuliko yote

Burj Khalifa ya Dubai ilifunguliwa Januari 2010 ikiwa na mita 828. Ilimeza zege la mita za ujazo 330,000 na nondo tani 39,000. Mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa takriban tani 2.4, kwa hiyo zege lake peke yake linakaribia tani 800,000. Jumba la Bucharest lina zaidi ya mara tano ya uzito huo ingawa urefu wake ni sehemu ya kumi tu ya mnara huu. Wahandisi wa Burj walijua kubana vifaa.

Namna zege hilo lilivyofikishwa juu ni rekodi nyingine. Mwaka 2008 pampu zililisukuma hadi mita 606 kwa mkupuo mmoja. Wakati wa kiangazi, joto la Dubai lingeligandisha zege kabla halijatulia kwenye fomu, kwa hiyo mafundi walichanganya barafu badala ya sehemu ya maji na kumwaga usiku.

Lakini mita 244 za juu kabisa hazikaliwi na mtu. Ni mlingoti wa chuma uliowekwa kwa ajili ya rekodi, na wenyewe peke yake ungekuwa miongoni mwa minara mirefu ya Afrika. Chini ya mlingoti huo kuna ukuta wa vioo unaopigwa na jua la jangwani, na mitambo ya kupoza inayofanya kazi mchana na usiku. Maji yanayotiririka kutoka kwenye mitambo hiyo, yale yale tunayoyaona yakidondoka chini ya kiyoyozi cha dirishani, hukusanywa kufikia takriban lita milioni 57 kwa mwaka na kumwagiliwa bustani. Kuyatumia ni jambo jema. Wingi wake, hata hivyo, unatuonyesha ni unyevu kiasi gani unaokamuliwa hewani kwa nguvu ya umeme ili watu wa ndani wasitoke jasho.

Kwa nini saruji inatawala hesabu ya vifaa

Dunia hutengeneza saruji takriban tani bilioni 4 kila mwaka, na China peke yake hutengeneza karibu nusu yake. Uzalishaji huo hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ukaa ya binadamu wote. Watu wengi hudhani chanzo ni makaa yanayochomwa kiwandani. Hiyo ni sehemu ndogo. Jiwe la chokaa lenyewe limefungia hewa ukaa ndani yake, na likipashwa joto kwenye tanuri linalozunguka, ambalo hufikia karibu nyuzi 1,450, hewa hiyo hutoka. Takriban asilimia 60 ya hewa ukaa ya kiwanda cha saruji hutoka kwenye jiwe, si kwenye moto. Kwa hiyo hata tanuri likiwashwa kwa umeme wa jua, jiwe litaendelea kupumua.

Mfuko wa kilo 50 wa saruji ya kawaida huacha nyuma yake hewa ukaa ya kilo 30 hadi 40. Msomaji aishike namba hiyo, maana tutaihitaji.

Lililopata alama za juu kuliko yote

Mfumo wa Uingereza wa kupima majengo, BREEAM, umeshuhudia mashindano ya asilimia za mwisho. Jengo la The Edge la Amsterdam lilipata asilimia 98.36 na likapewa jina la ofisi ya kijani kuliko zote. Mwaka 2017 makao ya Ulaya ya kampuni ya Bloomberg mjini London yakalipita kwa asilimia 98.5, na mwaka uliofuata yakatwaa Tuzo ya Stirling ya usanifu.

Jengo la Bloomberg linastahili kutazamwa kwa karibu. Nje yake limevikwa mapezi makubwa ya bronzi yanayofunguka na kufunga ili hewa ya nje iingie bila mashine. Ni ubunifu wa kweli, na umeme unaookolewa ni wa kweli. Bronzi hiyo, hata hivyo, ina uzito wa tani 600 na ililetwa kutoka Japani. Itale ililetwa kutoka India. Wakosoaji waliuliza swali moja tu: umeme unaookolewa na mapezi utachukua miaka mingapi kufidia kuyeyushwa kwa bronzi hiyo na safari yake ya nusu ya dunia? Alama 98.5 haijibu, kwa kuwa mfumo huo hutoa pointi kwa nishati, kwa maji, kwa usafiri, kwa vifaa, kisha hujumlisha pointi. Kujumlisha pointi na kujumlisha kilo za hewa ukaa ni mambo mawili tofauti kabisa, na mimi naona hilo ndilo kosa kubwa la vyeti vya kijani vya kizazi kilichopita.

Refu lililobomolewa, na refu lililookolewa

Mwaka 1960 kampuni ya Union Carbide ilijenga makao yake New York, namba 270 Park Avenue: ghorofa 52, mita 215. Benki ya JPMorgan Chase ilipolichukua ililikarabati lote kwa vifaa vya kisasa na kulipatia cheti cha kijani cha LEED cha daraja la platinamu, la juu kabisa. Miaka isiyozidi 10 baadaye benki hiyo hiyo ikaanza kulibomoa. Hadi wakati huo hakuna jengo refu namna ile lililokuwa limewahi kubomolewa kwa hiari ya mwenyewe. Mahali pake umesimama mnara wa mita 423, uliofunguliwa Oktoba 2025, unaotangazwa kwamba uendeshaji wake hautoi hewa ukaa kwa kuwa hutumia umeme wa maporomoko ya maji.

Tangazo hilo linaweza kuwa kweli kila neno na bado likaacha nusu ya habari. Chuma cha mwaka 1960 kilikwisha kulipiwa moshi wake. Kazi yote ya ukarabati ilikwisha kulipiwa. Vyote vikatupwa sokoni kama chakavu, hata kama sehemu kubwa ilirejelezwa, na hesabu ikaanza upya kwa chuma na zege jipya. Sheria ya mahali pale ilimruhusu mwenye kiwanja kujenga jengo refu zaidi, na faida ya ghorofa za nyongeza ikashinda.

Sydney walikabili swali lile lile wakalijibu vingine. Jengo la AMP Centre la mwaka 1976, lililokuwa refu kuliko yote mjini humo lilipofunguliwa, lilikuwa limechoka. Wasanifu wa kampuni ya 3XN ya Denmark waliacha takriban theluthi mbili za nguzo, boriti na sakafu zake, na karibu kiini chote cha lifti na ngazi, kisha wakaunganisha sakafu mpya ubavuni mwa zile za zamani. Eneo la kufanyia kazi likaongezeka maradufu. Quay Quarter Tower ilikamilika mwaka 2022 na ikachaguliwa kuwa jengo bora la dunia mwaka huo. Hewa ukaa iliyookolewa kwa kutobomoa ilikadiriwa kuwa tani 12,000.

Hata hivyo, katika kundi hili moyo wangu uko kwa jengo la zamani zaidi. Empire State ya New York, ya mwaka 1931, ilikuwa na madirisha 6,514 yenye vioo viwili viwili vilivyopitisha joto kupita kiasi. Njia iliyozoeleka ingekuwa kuyang'oa yote na kuagiza mapya. Kuanzia mwaka 2010 waliokarabati walifungua karakana ndani ya jengo lenyewe, ghorofa ya 5. Usiku, wapangaji wakiwa wameondoka, mafundi walishusha madirisha ya ghorofa moja, wakayatenganisha vioo, wakayasafisha, wakaweka katikati utando mwembamba unaorudisha joto na kujaza gesi isiyopitisha joto kirahisi, kisha wakayarudisha mahali pake. Zaidi ya asilimia 96 ya vioo vilitumika tena. Vioo hivyo havikwenda jalalani, na hakuna tanuri la vioo lililowashwa ili kuziba nafasi yao. Pamoja na marekebisho ya mitambo ya kupoza na ya kupasha joto, matumizi ya nishati ya jengo zima yalilengwa kupungua kwa takriban asilimia 40.

Hii ndiyo kazi inayopunguza hesabu zote mbili kwa tendo moja, na kila nikiisoma nashangaa kwamba haisimuliwi zaidi ya mlingoti wa Dubai.

Refu la mbao

Mbao huingia kwenye hesabu kwa upande wa pili, maana mti ukikua hunyonya hewa ukaa na kuifungia mwilini mwake. Mwaka 2019 Norway ilikamilisha Mjøstårnet katika mji mdogo wa Brumunddal: mita 85.4, ghorofa 18, nguzo na boriti za mbao zilizobandikwa kwa gundi tabaka juu ya tabaka. Jengo la mbao ni jepesi kiasi cha kuyumba kwa upepo, kwa hiyo kuanzia ghorofa ya 12 sakafu ziliwekwa za zege ili kulituliza kwa uzito. Rekodi yake ya jengo refu kuliko yote la mbao ilidumu miaka mitatu. Mwaka 2022 Ascent ya Milwaukee, Marekani, ikafika mita 86.6, ghorofa 19 za mbao zikiwa juu ya ghorofa 6 za zege.

Pwani yetu nayo imetaja jina lake kwenye mashindano haya. Mwaka 2021 ulitangazwa mpango wa Burj Zanzibar huko Fumba: mnara wa mita 96, ghorofa 28, wa mbao na zege. Mpango ni mpango mpaka jengo lisimame. Nami ningependa kabla ya jiwe la msingi kuona karatasi moja inayoonyesha mbao zitatoka msitu gani, zitasafiri umbali gani, na zikizeeka zitakwenda wapi, kwa sababu mbao zikichomwa au kuoza mwishoni hurudisha hewani kila kilichofungiwa.

La kwanza kujipa masharti yote mawili

Nchini Norway kundi la wasanifu, wahandisi na wenye majengo waliungana chini ya jina Powerhouse na kujiwekea sharti gumu kuliko lolote ninalolijua: jengo lizalishe katika uhai wake nishati nyingi kuliko ile iliyotumika kutengeneza vifaa vyake, kulijenga, kuliendesha na kulibomoa. Hapo hakuna pa kujificha. Ukiongeza kioo, unapaswa kuongeza umeme wa kukilipia.

Jaribio la kwanza lilikamilika mwaka 2014 huko Kjørbo, karibu na Oslo, na si jengo jipya. Yalikuwa majengo ya ofisi ya miaka ya 1980 yaliyokarabatiwa. Zege la zamani lilibaki wazi ndani ili lihifadhi ubaridi wa usiku, na vioo vya kuta za nje vilivyong'olewa vikageuzwa kuwa kuta za kugawa ofisi. Mwaka 2019 likafuata Powerhouse Brattørkaia mjini Trondheim, kaskazini zaidi, mahali ambapo wakati wa baridi jua huchungulia saa chache tu. Paa lake limeinamishwa kulielekea jua, limefunikwa paneli za sola, na huzalisha takriban uniti 500,000 kwa mwaka. Joto na ubaridi hupatikana kwa msaada wa maji ya bahari yaliyo mlangoni pake.

Kwa hesabu inayojumlisha vyote viwili, hawa ndio mabingwa wa orodha hii.

Nchi zilizoiweka hesabu ndani ya sheria

Uholanzi ni miongoni mwa nchi za kwanza. Tangu 2013 anayeomba kibali cha kujenga nyumba mpya, au ofisi inayozidi mita za mraba 100, huambatanisha hesabu ya madhara ya vifaa vyake. Kila dhara, kuanzia joto la dunia hadi asidi kwenye udongo na sumu majini, hugeuzwa kuwa pesa: ingegharimu euro ngapi kulizuia. Kilo moja ya hewa ukaa ilithaminiwa kwa senti 5 za euro. Jumla hugawanywa kwa mita za mraba na kwa miaka, 75 kwa nyumba ya kuishi. Kikomo kilikuwa euro 1 mwaka 2018, kikashushwa hadi senti 80 kwa nyumba za kuishi Julai 2021. Kwa kikomo hicho nyumba ya mita za mraba 100 iliruhusiwa madhara yasiyozidi euro 6,000 katika uhai wake wote.

Tatizo la Waholanzi liko penye mshono. Nishati ina kanuni yake ya pekee, iliyoanza Januari 2021, na vifaa vina yao. Ongeza paneli za sola juu ya paa na hesabu ya nishati inafurahi, huku ile ya vifaa ikinuna kwa sababu ya silikoni, alumini na kioo. Vivyo hivyo kwa insuleshoni nene. Mjenzi anajikuta anavutwa na sheria mbili zisizozungumza, na hakuna hata moja inayomwambia paneli ya ngapi ndiyo ya mwisho yenye faida.

Denmark iliziba mshono huo. Januari 2023 kila jengo jipya linalozidi mita za mraba 1,000 liliwekewa kikomo kimoja kinachojumlisha vifaa na nishati ya kuendeshea: kilo 12 za hewa ukaa kwa mita ya mraba kwa mwaka, kwa miaka 50. Jengo la mita za mraba 2,000 lilipata tani 1,200, na mjenzi ajue atakavyozigawa. Julai 2025 kikomo kikashushwa hadi wastani wa kilo 7.1. Ufaransa nayo, kwa kanuni yake ya RE2020 iliyoanza 2022, huhesabu vyote viwili kwa miaka 50, na vikomo vinabana kila baada ya miaka mitatu hadi 2031. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia 2028 majengo mapya makubwa, na kuanzia 2030 yote mapya, yatangaze hesabu ya uhai wao mzima.

Makubwa ya udongo, na lililodumu

Msikiti Mkuu wa Djenné, Mali, uliojengwa upya mwaka 1907, ndio jengo kubwa kuliko yote la matofali ya udongo. Haukuchomewa tofali hata moja. Nishati yake ya kuutunza ni mikono ya watu: kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika kwa udongo mpya, vijana wakipanda kwenye boriti za mivumo zilizochomoza ukutani. Huko Tarim, Hadhramaut, walikotoka mababu wa koo nyingi za masharifu wa Lamu na Unguja, mnara wa msikiti wa Al-Muhdhar unapita mita 45, na unatajwa kuwa mnara wa msikiti mrefu kuliko yote ya udongo.

Kwa wanaodhani udongo ni wa zamani tu, kuna shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya mwaka 2001. Francis Kéré aliijenga na wanakijiji wenzake kwa matofali ya udongo yaliyoshindiliwa na saruji kidogo, akainua bati juu ya dari ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Madarasa hayahitaji kiyoyozi. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker.

Na kuhusu umri, kuba la Pantheon mjini Roma, upana mita 43.3, limekaa tangu takriban mwaka 126 na bado ndilo kubwa kuliko yote la zege lisilo na nondo. Zege lake lilichanganywa chokaa na majivu ya volkano. Gawa moshi wake kwa miaka 1,900 uone kinachobaki.

Kwetu

Afrika Mashariki hesabu hii ina umbo lake, na ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Tanzania imekamilisha Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme wa Kongo karibu wote ni wa maji. Maana yake ni kwamba ghorofa la Nairobi au la Kinshasa hutoa hewa ukaa kidogo kwa kila uniti kuliko la Dubai, na kwa hiyo uzito wa hesabu yake unahamia kwenye saruji, nondo, vigae na alumini. Mjenzi wa huku anayenunua taa za kubana umeme kisha akavika jengo lake vioo vilivyoagizwa kutoka ng'ambo amepunguza upande mwepesi na kuongeza upande mzito.

Wapo walioelewa. Chuo cha kilimo cha RICA huko Bugesera, Rwanda, kilichosanifiwa na MASS Design Group, kimejengwa kwa udongo ulioshindiliwa, mawe na mbao, na zaidi ya asilimia 90 ya vifaa vyake kwa uzito vilitoka Rwanda. Umeme wake ni wa shamba lake la sola. Cheti cha EDGE, kinachozidi kuonekana kwenye majengo ya Nairobi na Kigali, kinadai upungufu wa asilimia 20 kwa nishati, kwa maji na kwa vifaa, vyote vitatu, na hakuna ruhusa ya kufidia kimoja kwa kingine.

Kuna pia deni lisiloonekana. Viyoyozi vingi tunavyofunga vina gesi ya R-410A, ambayo kilo yake moja ikivuja huchafua hewa sawa na kilo 2,088 za hewa ukaa. Hiyo ni sawa na mifuko 50 hadi 70 ya saruji, inayopotea siku fundi anapofungua bomba na kuiachia gesi ipae badala ya kuivuta kwenye mtungi. Makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi hizi yalipitishwa hapa hapa kwetu, Kigali, Oktoba 2016.

Na tusisahau matunzo. Beit al-Ajaib ya Unguja, ya mwaka 1883, jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Ilikuwa imesimama miaka 137. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazidai umeme ili kuwa baridi, lakini zinadai fundi na bajeti kila mwaka.

Ndugu msomaji unayetarajia kujenga, anza na mfuko wa saruji. Soma namba iliyoandikwa juu yake. Ya 42.5 nunua kwa nguzo, boriti na jamvi. Kwa kupiga lipu na kujengea tofali, ya 32.5 inatosha, na mara nyingi ina kiasi kidogo cha klinka, yaani jiwe lililochomwa tanurini, kwa kuwa imechanganywa majivu ya volkano au jiwe la chokaa lisilochomwa. Acha tofali za kuchoma zinazomaliza kuni za kijiji, uliza bei ya tofali za udongo za kufungamana. Kisha mwambie msanifu wako kabla hujasaini michoro: nionyeshe hesabu ya vifaa na hesabu ya umeme kwenye karatasi moja, kwa miaka 50. Akikuletea moja tu, mrudishie.